Ukuta Unapotoka Jasho: Maswali Yenu Kuhusu Ukungu Nyumbani

Mvua za Machi hadi Mei zikishika, maswali yanayotufikia hufanana: kona nyeusi, kabati linalonuka, rangi inayobambuka. Toleo hili tumeyapa nafasi. La kwanza tumelijibu kwa kirefu kwa sababu mengi yaliyobaki yanarudi kwake.

SWALI: Napanga muzigo, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, hapa Bwaise, Kampala. Tuko wanne: mimi, mama watoto na watoto wawili. Juu kwenye kona na nyuma ya kabati kumeota madoa meusi. Chini ukutani rangi inabambuka na plasta imelegea. Nimeshapaka rangi mara mbili, ya pili ikiwa ya mafuta, nikaambiwa haipitishi maji. Baada ya wiki sita madoa yamerudi. Nakosea wapi?
Mpangaji, Bwaise

JIBU: Ndugu yetu, ukuta wako una magonjwa mawili na wewe umeupa dawa moja. Madoa ya juu yana chanzo chake, na plasta inayolegea chini ina chanzo kingine kabisa.

Tuanze na juu. Mtu aliyelala hutoa kwa pumzi na jasho kiasi cha gramu 40 za maji kila saa. Watu wanne kwa saa nane ni lita moja na robo, zimeingia hewani kabla hamjachemsha chai. Hewa ya nyuzi 25 inaweza kubeba gramu 23 za mvuke katika mita moja ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 15 inabeba 13 tu. Ule unaozidi lazima ushuke mahali, nao hushuka penye baridi: kona ya juu pale bati linapokutana na ukuta, na nyuma ya kabati ambako hewa haizunguki. Ukungu hausubiri maji yatiririke. Uso wa ukuta ukikaa siku kadhaa na unyevu wa asilimia 80 au zaidi, mbegu za ukungu, ambazo zimo katika hewa ya kila nyumba, huota.

Sasa tazama matundu ya hewa juu ya dirisha. Kwenye mizigo mingi yamezibwa kwa boksi au gazeti, kwa ajili ya mbu na vumbi. Zibua. Mahali pa boksi pigilia wavu wa waya wa kuzuia mbu, na kila mwezi uupige brashi kavu, kwa maana wavu uliojaa vumbi hauna tofauti na boksi. Vuta kabati sentimita 10 kutoka ukutani na uliinue juu ya matofali. Nguo za familia zilizokamuliwa kwa mkono bado zina lita mbili au tatu za maji. Zikianikwa ndani usiku, maji yote hayo yanahamia ukutani. Pikia barazani, na sufuria ifunikwe. Asubuhi fungua mlango na dirisha pamoja kwa dakika 15, hata kama kuna manyunyu. Hewa ya nje ya asubuhi ni ya baridi, kwa hiyo haina mvuke mwingi kama ile ya chumba mlicholala wanne.

Chini ni habari nyingine. Bwaise iko bondeni, maji ya mitaa ya juu yanapita hapo kuelekea kinamasi cha Lubigi, na maji ya ardhini hayako mbali na msingi wako. Tofali la kuchoma la kienyeji linanyonya maji kama andazi kwenye chai. Kama mjenzi hakuweka tabaka la kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta, ile karatasi nene ya lami mafundi wanayoiita DPC, maji hupanda mpaka karibu mita moja na kuacha mstari wa chumvi yanapoishia. Aliyekuambia rangi ya mafuta haipitishi maji alisema kweli. Kosa ni kwamba maji yako ndani ya ukuta, nawe umeyafungia mlango wa kutokea. Yasipopata njia chumbani, hupanda juu zaidi nyuma ya rangi na kuisukuma hadi ibambuke.

Kama huamini kwamba ni magonjwa mawili, pima. Kata vipande viwili vya nailoni angavu, sentimita 30 kwa 30. Futa ukuta ukauke, bandika kimoja juu na kingine chini, uzibe kingo zote nne kwa selotepu pasibaki hata upenyo. Viache siku mbili. Ukikuta matone upande wa nailoni unaoangalia chumba, unyevu unatoka hewani. Ukiyakuta upande unaogusa ukuta, unatoka ndani ya ukuta. Selotepu ikikataa kushika chini, hilo nalo ni jibu.

Mpangaji anaweza kufanya haya: kwangua rangi yote ya mafuta hadi usawa wa kiuno, ng'oa plasta iliyolegea, nje punguza udongo uliorundikana ukutani hadi uwe sentimita 15 chini ya sakafu, chimba kamtaro ka kuondoa maji ya paa, kisha paka chokaa, ambayo huacha ukuta upumue. Haitapendeza kama rangi ya dukani, ila ukuta utaweza kukauka.

Kuingiza DPC ni kazi ya mwenye nyumba na ya fundi mwenye subira. Anatoa mstari mmoja wa matofali, sentimita 15 juu ya ardhi ya nje, kwa urefu usiozidi mita moja. Anaruka mita inayofuata bila kuigusa. Anatandika karatasi ya lami, vipande vikipandana sentimita 10 au zaidi, anarudisha matofali kwa udongo mkavukavu wa saruji moja kwa mchanga mitatu, akiushindilia hadi usibaki mwanya. Baada ya wiki anarudia zile alizoruka. Fundi anayetaka kumaliza ukuta mzima siku moja mkataeni, maana ukuta utakaa chini na kupasuka.

SWALI: Ukutani kwangu kuna unga mweupe kama pamba, na jikoni pana weusi. Yote ni ukungu?
Msomaji, Jinja

JIBU: Si lazima. Dondoshea ule unga tone la maji. Ukiyeyuka na kupotea ni chumvi iliyoletwa na maji yanayopita ndani ya tofali: haina madhara kwa mapafu, ila inakuambia ukuta unanyonya maji. Ipige brashi kavu, usiioshe, maana maji huirudisha ndani. Ukungu hauyeyuki, hulala chini kama manyoya yaliyolowa.

Weusi wa jikoni uguse kwa kidole kikavu. Ukipaka kidole na kuacha mstari, ni masizi ya sigiri au tadooba (kibatari). Ukungu hukaa kwa vidoti vinavyopanuka kuwa duara. Ukibaki na shaka, weka tone la dawa ya klorini: ukungu hupauka ndani ya dakika chache, masizi hayabadiliki.

SWALI: Jik au siki? Kila mtu ana dawa yake. Naomba hatua, moja baada ya nyingine.
Mama wa watoto watatu, Fort Portal

JIBU: Mama, sabuni kwanza. Hatutanii. Ukungu uliokufa bado unachokoza pua na mapafu, kwa hiyo kuuua hakutoshi, sharti utoke ukutani. Kinachoutoa ni sabuni na msuguo.

Kabla ya yote pima eneo. Kama madoa yote pamoja hayazidi mita moja ya mraba, kazi ni yako. Yakizidi sana, au yakiwa yametokana na maji taka, tafuta watu wenye vifaa. Watoto na mwenye pumu watoke nje ya nyumba. Vaa barakoa ya N95 (kile kitambaa cha bluu cha hospitali hakizibi pembeni), glavu za mpira na miwani ya kuziba. Madoa yakiwa karibu na swichi, zima umeme kwenye swichi kuu. Fungua dirisha, funga mlango unaoelekea vyumba vingine.

Lowesha madoa kwa maji ya sabuni kwa chupa ya kupulizia kabla ya kuyagusa. Hapa ndipo wengi hukosea: wanachukua brashi ya waya na kusugua pakavu, wakitawanya chumba kizima mbegu zilizokuwa kwenye kona moja. Yakilowa, sugua kwa brashi ngumu ya nailoni, futa kwa kitambaa, na kitambaa kiingie kwenye mfuko wa plastiki, kisirudi ndooni. Rudia mpaka kitambaa kitoke kisafi.

Ndipo dawa, na kwa vitu visivyonyonya tu: vigae, kioo, saruji laini, rangi iliyo nzima. Dawa ya kung'arishia nguo, ambayo wengi wanaiita Jik hata chupa ikiwa na jina jingine, mara nyingi ina hipokloraiti ya sodiamu ya asilimia 3.5 hivi, soma lebo. Kikombe cha mililita 250 katika lita mbili na nusu za maji baridi kinatosha. Paka, acha dakika 10 pakiwa pamelowa, suuza, kausha kwa kitambaa na uache dirisha wazi mpaka jioni. Changanya ya siku hiyo tu, maana kesho yake nguvu imepungua. Hata chupa iliyokaa juani dukani imeshapoteza sehemu ya nguvu yake.

Usichanganye dawa hiyo na siki, na usiitumie pamoja na asidi ya kusafishia choo wala chochote chenye amonia. Hutoka gesi inayochoma mapafu, na bafu la Fort Portal lenye kidirisha kimoja halikupi nafasi ya kukimbia. Siki peke yake huua baadhi ya ukungu na inafaa kwa doa dogo, lakini si siku moja na klorini.

Kwenye mbao, klorini hubaki juu na maji yake ndiyo yanayozama, kwa hiyo unaunywesha ukungu ulio ndani. Mbao isugue kwa sabuni, ianike ikauke kabisa, kisha ipige msasa ukiwa nje na barakoa usoni. Dari ya jipsamu au ya ubao laini iliyoota ukungu haisafishiki: kata sentimita 30 kupita doa na utupe. Godoro lililoota ndani ya sponji, pole, hilo nalo ni la kutupa. Jua litaondoa harufu tu.

SWALI: Nyumba yetu ya Makindye imechimbiwa mlimani. Ukuta wa nyuma umezikwa kwenye udongo mpaka chini ya madirisha. Vyumba viwili vya nyuma havikauki, hata Januari. Mafundi watatu wamepaka saruji ya kuzuia maji kwa ndani, na kila mara inapasuka na kudondoka. Tuna bajeti ya kufanya mara moja tu.
Mzee na familia, Makindye

JIBU: Mzee, shikamoo. Hao mafundi wanaziba kidonda kwa ndani huku mkuki bado umo. Maji ya mlimani yanausukuma ukuta kutoka nyuma, na chochote kinachopakwa ndani kinasukumwa kutoka upande usio na mshiko. Saruji ya kuzuia maji hufanya kazi ikiwa upande wa maji, kwa kuwa hapo maji yenyewe huikandamiza ukutani.

Kama kiwanja kinaruhusu, chaguo la kwanza ni kuutoa udongo: kuchimba njia ya mita moja kati ya nyumba na mlima, chini yake iwe sentimita 15 chini ya sakafu, na mlima uzuiwe na ukuta wake wenyewe. Ukuta huo wa kuzuia udongo uwe na matundu ya bomba la inchi tatu kila mita moja na nusu. Tumeona kuta nzuri za mawe zimelala chini kwa kukosa tu hayo matundu. Zege likiwa mbichi mtu huliogopa lisianguke, likikauka anasahau kwamba uzito mkubwa nyuma yake ni wa maji.

Nafasi isipotosha, fanyeni kazi ya mtaro uliozikwa. Tuseme ukuta ni mita 12. Chimbeni vipande vya mita mbili mbili ili kingo zisiporomoke, hadi sentimita 30 chini ya sakafu ya ndani, na kamwe msishuke chini ya kitako cha msingi. Osheni ukuta, zibeni mashimo kwa plasta ya saruji, uachwe ukauke, kisha upakwe lami ya kuzuia maji mikono miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza. Tandikeni kitambaa cha kuchujia kwenye mtaro kabla ya kokoto. Magunia ya posho ambayo mafundi hupenda kutumia mahali pake huziba kwa tope, na hamtaona mpaka vyumba vimelowa tena.

Ndani ya kitambaa wekeni sentimita tano za kokoto za milimita 20, halafu bomba la PVC la inchi nne lililotobolewa. Matundu yaangalie chini. Hilo huwashangaza wengi, lakini maji huingia bombani kwa kupanda kutoka chini. Matundu yakiangalia juu, bomba hubeba tope na maji hubaki msingini. Mteremko ni sentimita moja kwa kila mita, kwa hiyo mwisho wa mita 12 bomba liwe limeshuka sentimita 12. Pimeni kwa mpira angavu uliojazwa maji, msitumie macho. Juu ya bomba jazeni kokoto: mtaro wa upana wa sentimita 40 na kina cha kokoto cha sentimita 50 unahitaji mita za ujazo 2.4, karibu tani tatu na nusu. Kunjeni kitambaa juu, fukieni sentimita 20 za mwisho kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, ili maji ya mvua ya juu yasiingie humo. Mwisho wa bomba utokee mahali mnapopaona. Bomba lisiloonekana mwisho wake, siku likiziba hakuna atakayejua.

Fanyeni kati ya Desemba na Februari, au Juni na Julai. Baada ya hapo msikimbilie plasta ya ndani. Wajenzi huhesabu kwamba ukuta hukauka kama milimita 25 za unene kwa mwezi. Tofali la inchi tisa, likikauka pande zote mbili, linataka miezi minne au mitano. Wenu una upande mmoja tu ulio wazi, kwa hiyo subirini zaidi. Ng'oeni plasta ya zamani hadi sentimita 30 juu ya mstari wa chumvi, kwani plasta yenye chumvi huvuta unyevu wa hewani hata ukuta ukiwa umepona. Mpya iwe saruji moja, chokaa moja, mchanga sita. Chokaa ya Kasese inafaa kabisa.

SWALI: Huku Kabale mabati yanatudondoshea maji alfajiri hata kama haikunyesha. Usiku tunaingiza sigiri kukausha chumba. Je, jiko la gesi lingekuwa bora?
Msomaji, Kabale

JIBU: Toeni sigiri leo. Makaa yanayowaka ndani hutoa monoksidi ya kaboni, haina harufu wala moshi, na aliyelala haamki kuitambua. Gesi nayo haikaushi: kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa kilo moja na nusu na ushee ya maji, yote yakiwa mvuke.

Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku wenye nyota bati hupoa kuliko hewa yenyewe, na pumzi zenu zinapofika hapo hugeuka matone. Dawa ni dari, ili pumzi zisifike kwenye bati, na uwazi chini ya bati pande mbili za nyumba, wenye wavu, ili hewa ya nje ipite kati ya dari na bati. Dari bila uwazi huo itaoza kimyakimya mkiwa chini yake.

SWALI: Tumehamia nyumba mpya Wakiso, ya mtindo wa paa lililofichwa. Wiki tatu baada ya plasta tukapaka rangi ya hariri, miezi miwili baadaye vyumba vya juu vina ukungu. Mkandarasi anasema ni sisi hatufungui madirisha.
Wenye nyumba wapya, Wakiso

JIBU: Mkandarasi ana nusu ya ukweli, na nusu yake ndiyo ndogo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 huchanganywa na lita 25 hivi za maji. Saruji hushika karibu nusu, iliyobaki lazima itoke kwa njia ya hewa. Nyumba iliyokula mifuko 300 ina lita zaidi ya 3,500 za kutoa, bila kuhesabu maji ya kumwagilia. Wiki tatu ni za kukauka uso tu. Rangi ya hariri ikafunga kilichobaki. Madirisha yafunguliwe, ndiyo, kutwa nzima kwa miezi kadhaa, na kuta zilizoota zikwanguliwe rangi ile.

Lakini kama ni vyumba vya juu peke yake, pandeni kwenye paa. Mtindo huu unaficha mabati nyuma ya ukuta mfupi, na maji yote yanaingia kwenye mfereji ulio ndani ya nyumba. Mvua ya milimita 10 kwenye paa la mita 120 za mraba ni lita 1,200. Paa la kawaida mfereji ukiziba, maji humwagika uani. La kwenu yanaingia chumbani. Tazameni mambo manne: mfereji una matundu mawili ya kutolea maji au moja, una tundu la dharura la kumwaga nje likizidi, bati la kuziba maungio limepanda ukutani sentimita 15 na kuingizwa ndani ya plasta, au limegandishwa juujuu kwa silikoni, na kichwa cha ule ukuta mfupi kina kofia ya zege yenye mteremko na mfuo chini ya ukingo wa kudondoshea maji. Kisha zibeni tundu la kutolea, jazeni mfereji nusu, wekeni alama kwa penseli, mrudi kesho asubuhi jua halijawa kali. Maji yakiwa yameshuka vidole viwili, mazungumzo na mkandarasi yanakuwa mafupi.

SWALI: Mume wangu alimaliza dawa za kifua kikuu mwaka jana. Chumba chetu kina ukungu. Kuna hatari?
Dada, Gulu

JIBU: Dada, ipo, na kwake ni kubwa kuliko kwa mwingine. Kwa watu wengi ukungu huleta mafua yasiyoisha, macho kuwasha, na kwa mwenye pumu mashambulizi. Shirika la Afya Duniani liliueleza uhusiano huo katika mwongozo wake wa 2009. Lakini kifua kikuu kinaweza kuacha mashimo kwenye mapafu, na ukungu wa aina ya Aspergillus huweza kuota humo. Hali hiyo imechunguzwa hapo hapo Gulu kwa watu waliokwisha kutibiwa. Kikohozi kikirudi, akikonda, au akikohoa damu, aende hospitali na aseme wazi kwamba aliwahi kutibiwa TB, kwa sababu kipimo cha makohozi kinaweza kuonyesha hana TB na akarudishwa nyumbani. Hamisheni kitanda leo, na kazi ya kusafisha asiifanye yeye.

SWALI: Mwenye nyumba anasema ukungu ni uchafu wangu.
Mpangaji, Entebbe

JIBU: Fanya kipimo cha nailoni kilichoelezwa juu, mbele ya shahidi, na upige picha ya upande wenye matone. Yakiwa upande wa ukuta, si uchafu wako. Mwandikie barua, usimpigie simu tu, ukieleza chumba, tarehe na unachoomba kitengenezwe. Nakala ibaki kwako na nyingine kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji). Sheria ya Uganda ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 hairuhusu kupangisha nyumba isiyofaa binadamu kuishi. Matone yakiwa upande wa chumba, anza na matundu ya hewa kabla ya kuandika barua.

SWALI: Magunia ya mahindi yameegemea ukuta wa stoo na ya chini yameota ukungu wa kijani. Nikiyaanika si yatafaa kwa posho?
Mkulima, Masindi

JIBU: Yaliyoota, hapana. Ukungu wa mahindi unaweza kuacha sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo haiondoki kwa jua, kusaga wala kupika. Usiwape kuku wala ng'ombe, maana kwa ng'ombe hupitia kwenye maziwa. Yale ya juu yachambue kwa mkono, utoe punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu.

Yaliyobaki yapime kabla ya kuyarudisha. Chukua chupa ya kioo ya mililita 750, kavu kabisa, tia gramu 250 hivi za mahindi na gramu 25 za chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, yarudi juani. Isipoganda, anika siku moja zaidi, kwa kuwa kiwango cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5 na chupa haioni hadi huko. Magunia yapande juu ya chaga za mbao sentimita 15 kutoka sakafuni, nusu mita kutoka kila ukuta, uweze kupita nyuma yake na tochi.